Bendi imevunjika, chombo bado unacho: cha kufanya kwa mwanamziki aliyebaki peke yake

Kama unasoma hii basi ama bendi yenu imeshavunjika ama unaona kabisa inaelekea huko, watu wanachelewa mazoezi, kwenye grupu wanajibu kwa dole tu, na ukiuliza shoo ijayo nani anakuja kila mtu anasema ntaangalia. Mimi nimepiga besi kwenye bendi moja miaka tisa, tulikuwa watano, na siku ilipovunjika nilijiona kama mtu aliyefukuzwa kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Naandika hapa niliyojifunza, mengine kwa kukosea mwenyewe, mengine kwa kuwaangalia wenzangu waliopita njia hiyo hiyo, na nayaweka kwa mpangilio wa nini kianze nini kifuate maana kuna mambo ukiyachelewesha mwezi mmoja tu hayarudi tena.

SIKU ZA MWANZO

Kwanza kabisa, usiposti. Najua mkono unawasha, una skrinshoti za grupu, una voisi za fulani akikutukana, na mashabiki wanauliza mbona kimya. Usiposti, usiende laivu, na usimjibu anayekuja inbox akitafuta umbea. Wiki mbili zijazo utawahitaji hao hao unaotaka kuwaanika, ili mgawane vitu na msaini karatasi, na mtu uliyemuaibisha mbele ya watu hatokuja kwenye kikao, au atakuja na wakili. Ukitaka kutoa ya moyoni chukua daftari, andika hata kurasa kumi, funga, weka kabatini.

Pili, kubali kwamba umefiwa. Watu wa nje hawaoni hivyo. Kwenye msiba watu wanakuja kukupa pole na kukaa na wewe, lakini bendi ikifa unaambiwa tu si mtaanzisha nyingine, au ndo vizuri sasa utafute kazi ya maana. Wakati wewe umepoteza marafiki, kipato, ratiba ya wiki nzima, na lile jibu ulilokuwa nalo ukiulizwa unafanya nini maishani, vyote siku moja. Kwahiyo ukijikuta unalia kwa sababu umesikia mdundo wenu umepita kwenye gari la mtu, hujawa dhaifu, hiyo ndo huzuni yenyewe na itakuja kwa mawimbi hivyo hivyo kwa muda. Tafuta mtu mmoja au wawili wa kukusikiliza ambao hawakuwa ndani ya bendi, maana ukimlilia mwenzako wa bendi kesho yake limekuwa kundi dhidi ya kundi.

Mimi kilichonimaliza zaidi ni Jumanne na Alhamisi. Tulikuwa na mazoezi saa kumi na mbili jioni siku hizo kwa miaka yote tisa, na ikifika saa kumi na moja na nusu mwili unaanza kujiandaa wenyewe, nachukua begi la gita, naliangalia, narudisha. Kilichonisaidia ni kuweka shughuli nyingine saa ile ile, Jumanne nikawa natembea na kaka yangu, Alhamisi nikaanza kumfundisha besi binti wa jirani. Usiiache hiyo saa wazi. Na usiijaze pombe, nawajua wanamziki waliopotea kabisa na walianzia pale pale, kwenye saa ya mazoezi isiyo na mazoezi.

Chombo chako kishike kila siku, hata dakika ishirini. Nyimbo za bendi ziache kwanza, piga skeli, piga wimbo uliokufanya uupende mziki ukiwa mdogo, piga chochote. Kuna sababu ya mwili, sugu za vidole zinalainika ndani ya wiki chache, na midomo ya mpiga tarumbeta inalegea haraka kuliko hapo. Na kuna sababu ya moyo, ukikaa miezi mitatu bila kugusa chombo siku ukirudi utajikuta umeshuka, halafu utasema kumbe bila wale watu mimi si kitu, wakati ukweli ni kwamba hujafanya mazoezi tu.

Ila kama wiki zinapita huli, hulali, au mawazo ya kujidhuru yanakuja, hapo nenda kwa daktari au mshauri leo leo na umwambie mtu wa karibu akusindikize. Nalisema kwa uzito wote.

SHOO MLIZOKWISHA AHIDI

Hii ni fupi. Kaa chini na kalenda muandike kila shoo iliyobaki na kila advansi mliyopokea. Kwa kila moja mna njia tatu, muipige mara ya mwisho kama mnaweza kukaa jukwaa moja saa mbili bila kugombana, mtafute deiwaka wa kuziba nafasi ya aliyeondoka na mumwambie promota mapema, au mrudishe pesa yake yote. Hakuna njia ya nne ya kunyamaza. Promota haimhusu nani alimkosea nani, yeye ameshabandika matangazo, na hao mapromota wanaongea, mtu wa kwanza kukupa kazi ukiwa peke yako anaweza kuwa huyo huyo uliyemrudishia advansi yake bila kusukumwa.

KIKAO CHA MWISHO

Hapa ndo pana mambo, na hapa ndo wengi wanaharibu kwa sababu ya uchovu, unasikia mtu anasema mimi sitaki chochote chukueni vyote niacheni. Usiseme hivyo. Miaka mitano baadaye wimbo mmoja unachukuliwa kwenye filamu au tangazo na wewe uliyetunga nusu yake huna hata karatasi.

Kikao kifanyike ndani ya wiki mbili tatu, mkiwa bado mnaongea. Msikutane nyumbani kwa mmoja wenu, na asiwepo aliyelewa. Mtafute mtu mmoja ambaye wote mnamheshimu na hana upande, mwalimu wenu wa zamani, mwanamziki mkubwa kiumri, yeyote, yeye kazi yake ni kusoma ajenda na kusema tuendelee. Ajenda iandikwe kabla na itumwe kwa kila mtu. Swali la nani alisababisha bendi kuvunjika lisiwemo kabisa, hilo hata mkikaa mwaka halina jibu, na likifunguliwa tu kikao kimekwisha.

Anzeni na pesa na madeni maana ni rahisi kuhesabika. Kilichopo kwenye akaunti, mnachodai, mnachodaiwa. Kisha vyombo. Kila mtu anajua gita lake ni lake, ugomvi uko kwenye vile mlivyonunua kwa pamoja, spika, mikisa, maiki, stendi, waya. Andikeni orodha yote mkubaliane bei ya kila kitu kwa hali yake ya sasa, sio bei mliyonunulia, halafu anayetaka kitu anakichukua na kinakatwa kwenye fungu lake. Mkishindwa kabisa uzeni mgawane.

Sasa nyimbo. Elewa vizuri hapa maana hata wanamziki wa siku nyingi wanachanganya. Wimbo mmoja una haki mbili tofauti ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi, yaani sauti yenyewe iliyorekodiwa siku ile studio. Mwenye utunzi anaweza asiwe mwenye rekodi. Mtu mwingine akiimba upya wimbo wenu anagusa utunzi peke yake, akichukua sauti yenu na kuiweka kwenye video yake anagusa vyote viwili. Kwahiyo kwa kila wimbo andikeni karatasi ya mgao, jina la wimbo, nani ametunga na asilimia ngapi, nani anamiliki rekodi na asilimia ngapi, kila upande ujumlike 100, saini na tarehe. Je, mpiga besi aliyebuni ule mstari unaojulikana na kila mtu anahesabika mtunzi? Sheria zinatofautiana nchi kwa nchi na hata mahakama zimegombana sana kuhusu hilo, ndo maana makubaliano yenu ya maandishi ni ya thamani kuliko ubishi wowote. Mkimaliza pelekeni huo mgao kwenye chama cha hakimiliki mlichojisajili, na kama hamjajisajili jisajilini sasa kila mmoja kwa jina lake, sio kwa jina la bendi iliyokufa.

Kisha akaunti. Nani ana neno la siri la chaneli, la kurasa, la barua pepe ya bendi, la yule msambazaji anayepeleka nyimbo mtandaoni? Mara nyingi ni mtu mmoja, aliyefungua akaunti siku ya kwanza kwa simu yake, na leo ndo mwenye hasira kuliko wote. Kuna wasambazaji wa kulipia kila mwaka ambao malipo yakikatika nyimbo zinashushwa, kwahiyo amueni nani analipa na anarudishiwa vipi. Mkiamua kuhamia kwa msambazaji mwingine, chukueni kwanza namba ya ISRC ya kila wimbo. Hiyo ni namba ya utambulisho wa rekodi, ina herufi na tarakimu 12, na mkipandisha rekodi ile ile na namba ile ile mara nyingi hesabu ya wasikilizaji inaendelea pale ilipokuwa, mkipewa namba mpya mnaanza sifuri kama wimbo haujawahi kuwepo.

Halafu mafaili. Naomba hapa unisikilize kwa makini maana hapa niliumia. Sisi mafaili ya karibu kazi zetu zote yalikuwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja, tukavunjika, hakuna aliyeomba nakala kwa sababu hakuna aliyetaka kumpigia mwenzake, ile kompyuta ikafa miezi minane baadaye. Nyimbo sita ambazo hazijawahi kutoka zimekwenda. Mojawapo ilikuwa na sauti ya mama yangu akiimba kiitikio, na mama hayupo tena. Kwahiyo siku ya kikao kila mtu aje na diski yake. Kila wimbo utolewe chombo kimoja kimoja kama faili la sauti la aina ya WAV, kila faili likianza sekunde sifuri ya wimbo hata kama chombo hicho kinaingia katikati, hapo programu yoyote duniani itayafungua na yatakaa sawa. Kila mtu aondoke na nakala kamili, hata yule anayesema haitaki, mpe tu.

Mwisho jina. Jina ndo linauma kuliko pesa. Bendi ya Uingereza Pink Floyd, mpiga besi wao Roger Waters alipoondoka mwaka 1985 alitaka jina lisitumike tena, wenzake Gilmour na Mason wakataka kuendelea nalo, wakavutana kisheria mpaka mwishoni mwa 1987 ndo wakapatana na jina likabaki kwa Gilmour na Mason. The Beatles hali kadhalika, mmoja wao Paul McCartney alifungua kesi London siku ya mwisho ya mwaka 1970 na ushirika wao ukavunjwa rasmi 1975, miaka minne ya mawakili kwa watu waliokuwa wanalala chumba kimoja safarini. Na Wenge Musica ya Kinshasa ilipogawanyika 1997, JB Mpiana akaendelea na Wenge BCBG, Werrason akaja na Wenge Maison Mère, jina likakatwa vipande na mashabiki nao wakakatika, mpaka 2022 ndo wakaonekana tena pamoja jukwaani. Mimi maoni yangu ni kwamba kama waliobaki ni chini ya nusu, au aliyeondoka ndo sauti ambayo watu wanaijua, lizikeni hilo jina. Kila shoo utakayopiga kwa jina lile utapimwa na kitu ambacho hakipo. Ila hata mkiamua vingine, andikeni nani anaruhusiwa kulitumia, na kama ataruhusiwa kuandika kwenye tangazo kwamba aliwahi kuwa wa bendi fulani. Hiyo ya mwisho kila mtu apewe, ni historia yake.

Tangazo kwa mashabiki liwe moja, limeandikwa na wote, mistari mitano inatosha, tumefika mwisho, asanteni, shoo zilizobaki ni hizi, nyimbo zitaendelea kupatikana. Sababu msiweke. Mashabiki watabuni wenyewe, waacheni wabuni.

ULIKUWA UNAFANYA NINI MLE NDANI?

Sasa hii ndo sehemu iliyonifanya niandike yote haya.

Ukikaa kwenye bendi muda mrefu, nusu ya uwezo wako unakuwa umeweka kwa wenzako bila kujua. Mimi nilikuwa najiita mtunzi. Nilikuwa naleta vipande, mstari wa besi na melodi kidogo, wiki inayofuata ni wimbo. Bendi imevunjika nikakaa peke yangu miezi minne, nina vipande thelathini na wimbo hata mmoja haujaisha, nikaanza kuamini kipaji kimekufa. Siku moja nikakaa kusikiliza nyimbo zetu za zamani kwa utulivu ndo nikaona, kila wimbo wangu ulimalizwa na mpiga kinanda. Yeye ndo alikuwa anajua beti ya pili iende wapi na daraja, ile sehemu ya kati inayobadilisha wimbo, liingie lini. Kipaji changu kilikuwa pale pale, ila kumaliza wimbo sikuwahi kujifunza kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumaliza. Na sikuwahi hata kumshukuru kwa hilo.

Mwingine anagundua kwamba hajui kuongea na watu jukwaani, mwingine hajui bei ya shoo inapangwaje, mwingine alikuwa anategemea drams kushika tempo yake, yaani kasi ya mdundo. Hilo la tempo lilinipata pia, nilipoanza kurekodi na metronomu, kile kifaa kinacholia tik tik kuhesabu mdundo, nikakuta kila nikifika kiitikio nakimbia, miaka tisa nimekuwa nakimbia na mpiga drams wetu alikuwa ananivuta polepole kila shoo bila kusema neno.

Kwahiyo fanya hivi. Chagua nyimbo tano mlizopiga sana, chukua karatasi, sikiliza moja moja. Andika nani alileta wazo, nani alimaliza, nani alichagua ufunguo, yaani wimbo uimbwe juu au chini, nani alipanga sauti za waitikiaji, nani aliamua wimbo uishe vile. Ukimaliza nyimbo, andika mambo ya nje ya mziki, nani alikuwa anapiga simu kwa promota, nani anakumbuka waya wa akiba, nani anafungua mikisa kabla ya shoo, nani alikuwa anatuliza watu wakianza kugombana garini. Kwa kila jambo weka jina. Usijionee huruma na usijishushe, andika ukweli. Itakuchukua jioni mbili tatu na itauma, utaona kazi za watu uliokuwa umewakasirikia. Lakini utaona na za kwako, mimi kwa mfano nilikuta mwisho wa karibu kila wimbo wetu niliuamua mimi, na sikuwahi kulihesabu hilo kama ni kitu.

Sasa unazo orodha mbili, ulivyonavyo na ulivyokuwa umeazima. Kwenye ulivyoazima chagua viwili tu vya kujifunza mwaka huu. Viwili, sio nane. Na vingine usivijifunze kabisa, hivyo ndo vitakuambia unatafuta mtu wa aina gani siku ukiunda kikundi kingine.

Kama pengo lako ni kumaliza, jiwekee sheria ya wimbo mmoja wa dakika mbili kila wiki, Jumapili usiku unafungwa hata kama mbaya, hauruhusiwi kuuendeleza wiki inayofuata. Wa kwanza mpaka wa sita ya kwangu haifai kusikilizwa na mtu, wa saba una beti ya pili nzuri, na baada ya hapo mkono ukaanza kuelewa wenyewe. Kama pengo ni tempo, rekodi na metronomu kila siku, halafu ukishazoea punguza milio, iache ilie mara moja tu kwa kila ba, yaani kila fungu la mapigo, hapo ndo utajua unakimbia au unalala. Kama pengo ni sauti, usiseme mimi sio muimbaji kabla hujajaribu mwaka. Bendi ya Uingereza Joy Division walipompoteza muimbaji wao Mei 1980 waliobaki waliendelea kwa jina New Order, na mpiga gita Bernard Sumner ndo akashika maiki, hakuwa muimbaji wa bendi kabla ya hapo. Kama pengo ni kurekodi, jifunze sasa, kompyuta ya kawaida na kadi ya sauti ya bei ya chini vinatosha kuanzia.

Watu wanapenda kumtaja Dave Grohl, kwamba bendi yake ya Marekani, Nirvana, iliisha Aprili 1994 kwa kifo cha muimbaji wao Kurt Cobain, na Oktoba mwaka ule ule huyu mpiga drams akaingia studio na kurekodi albamu nzima kwa takriban wiki moja, karibu vyombo vyote kapiga mwenyewe na kaimba. Kweli, lakini watu wanaruka kipande kimoja, yule alikuwa anatunga na kujirekodi pembeni miaka yote akiwa nyuma ya drams. Hakuwa na mapengo mengi ya kuziba. Kwahiyo usijipime na ile miezi sita yake kama wewe ndo kwanza unaanza kujifunza kumaliza wimbo.

PESA WAKATI HUO

Deiwaka, yaani kupiga na bendi za wengine kwa malipo ya shoo, ndo itakuweka hai. Wapigie viongozi wa bendi unaowajua, sentensi moja tu, niko huru, napiga besi, nyimbo hizi nazijua. Uwe na nyimbo 40 za kava, yaani nyimbo za watu wengine, kichwani kwa funguo zaidi ya moja maana muimbaji wa leo anaimba chini na wa kesho anaimba juu. Malipo kubalianeni kabla hujatoka nyumbani. Fika mapema, beba nyuzi za akiba na waya wako, na ukiulizwa kwenye mapumziko bendi yenu ilikuwaje sema tulimaliza salama, basi. Anayesikiliza maneno yako kuhusu wenzako wa zamani anajiuliza na yeye utamsema vipi.

Kufundisha nako kunalipa, na kuna faida nyingine, ukimuelezea mtoto kwa nini kidole kinakaa pale unagundua vitu ulivyokuwa unafanya kwa mazoea tu. Na ukishaweza kujirekodi nyumbani unaweza kuuza laini za besi au gita kwa maprodyuza bila kusafiri.

WALE WENZAKO

Miezi ya kwanza jifiche usione posti zao, sio lazima uwafute, nyamazisha tu. Usiwaombe mashabiki wachague upande. Akikupigia mmoja wao na kukuambia tuunde yetu tuwaonyeshe, mjibu kwa upole nipe miezi mitatu nitulie. Bendi iliyozaliwa ili kumkomoa mtu inaishi kadri ile hasira inavyoishi. Sisemi kwamba waliotoka bendi moja wasiungane tena, mwaka 1978 wanamziki kadhaa waliotoka Simba Wanyika waliunda Les Wanyika, na ile bendi ilisimama kwa miguu yake miaka mingi. Ila walikuwa na mziki wa kupiga, hilo ndo la kuangalia. Jiulize mkikutana mnaongelea nyimbo au mnaongelea watu.

Kama kuna mtu ulimkosea, muombe radhi kwa kosa lako peke yake, bila kuongeza lakini na wewe. Kama yeye ndo alikukosea na hajaomba, endelea na maisha, hilo siwezi kukuahidi litatokea.

UKIWA TAYARI TENA

Utajua uko tayari pale ukisikia mtu anapiga vizuri na ukaanza kuwaza ungeweka nini juu yake, badala ya kumlinganisha na yule wa zamani. Usikimbilie jina. Fanyeni mazoezi matatu na shoo moja ndogo bila jina, mkipendana ndo mkae. Na siku mnapopendana kuliko siku zote ndo siku ya kuandika karatasi ya kuachana, ukurasa mmoja, mapato tunagawaje, mtu akiondoka anachukua nini, jina linabaki kwa nani, mafaili yanatunzwa wapi na nani ana nakala. Watakuambia unaleta mkosi. Wasomee tu vipengele taratibu, kisha toa kalamu. Mimi kwenye kikundi ninachopiga sasa hivi tuliisaini chini ya spika baada ya mazoezi, dakika kumi na tano, halafu tukarudi kupiga.

Kwenye hicho kikundi kuna dada anamaliza nyimbo vizuri sana, na siku ya kwanza aliponimalizia kipande changu nilimwambia pale pale mbele ya wote kwamba hiki ni chako, andika jina lako.

Na mpiga drams wetu wa zamani alinipigia mwaka jana, mara ya kwanza tangu siku ya kikao. Alikuwa anatafuta laini ya besi ya wimbo mmoja katika zile zilizopona, wanae wanataka kuupiga shuleni. Nikamtumia jioni ile ile, na ya drams zake pia maana alikuwa hana. Tuliongea saa nzima. Nilimwambia kuhusu metronomu, kwamba nimejua alivyokuwa ananivuta kila kiitikio. Akakaa kimya kidogo, akasema alidhani hakuna aliyewahi kusikia.